Lugalo mezani: jinsi klabu moja ilivyochagua kanuni za mchezo wa vita vya enzi za ukoloni

Kisa na waliohusika

Klabu ya michezo ya vita katika mji mmoja wa Uingereza iliamua kuyaonyesha mapigano ya Lugalo ya 1891, kati ya Wahehe na Wajerumani, kwenye siku yake ya maonyesho, siku ambayo watu wa mjini huingia bure kutazama na kucheza. Wanachama walikuwa na vitabu vitatu vya kanuni. Kila kitabu kilikuwa na mtetezi wake, na hawakuelewana watumie kipi. Mimi niliitwa kwa kuwa ni mchezaji na ni Mtanzania. Majina na mambo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa, kwa hiyo wenzangu nitawaita Mratibu, Mkongwe na Kijana. Mtu wa tano ni mama mmoja wa Kihehe aliyekuwa huko kumtembelea mwanawe. Aliingia kisa kikiwa katikati, na maneno yake yakabadilisha uamuzi mmoja mkubwa.

Kwa asiyeujua mchezo huu: wachezaji hupanga vijisanamu vya askari, mara nyingi vya milimita 28, juu ya meza iliyotengenezewa vilima, vichaka na njia. Huvisogeza kwa kupima inchi kwa tepu. Dadu au karata huamua risasi imempata nani, kikosi kipi kimevunjika moyo na kipi kimesimama imara.

Wanaolinganisha kanuni kwa kawaida huhesabu kurasa, dadu na saa za kucheza. Naona hesabu hizo zinasaidia kidogo sana. Katika michezo ya enzi za ukoloni swali linalonishughulisha ni hili: kanuni zimempa nani nafasi ya kuamua, na zimemnyima nani?

Usuli: 17 Agosti 1891

Emil von Zelewski alikuwa kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki. Watu wa pwani walimpachika jina la Nyundo. Katikati ya 1891 aliongoza msafara kuelekea Uhehe kwenda kumtiisha Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Alikuwa na askari yapata 320 pamoja na maofisa wa Kijerumani, wapagazi, mizinga na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Wengi wa askari hao walitoka Sudan na Msumbiji.

Msafara ulipita Lugalo, mahali penye vichaka na mawe, watu wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine. Jeshi la Mkwawa, ambalo hukadiriwa kuwa watu 3,000, lilikuwa limejificha kandokando ya njia likiwa na mikuki, ngao na bunduki chache. Ishara ilipotolewa waliinuka wote. Silaha nzito zilikuwa bado ni mizigo, na askari hawakuwa wamejiandaa kupiga. Sehemu kubwa ya msafara ilivunjwa kwa muda mfupi, naye Zelewski akauawa. Kikosi cha nyuma, chini ya Luteni Tettenborn, kilifanikiwa kushika mahali pa juu, kikajihami, kisha kikarudi kuelekea pwani na manusura. Wahehe nao walipoteza watu wengi. Waliteka bunduki na risasi, na vita vyao na Wajerumani viliendelea hadi Mkwawa alipojiua tarehe 19 Julai 1898.

Mtu anayetaka kuyaweka mapigano haya mezani lazima ayashike mambo mawili. Kwanza, Lugalo iliamuliwa kabla ya risasi ya kwanza: mtu alichagua mahali, akawapanga maelfu ya wapiganaji, na wao wakatulia kimya mpaka msafara ukaingia wote mtegoni. Hiyo ni kazi ya amri na nidhamu ya hali ya juu. Pili, askari wa msafara walikuwa wapiganaji wazuri, na kikosi cha nyuma kilithibitisha hivyo mara tu kilipopata nafasi ya kupumua. Walichokosa wenzao waliokuwa mbele ni muda.

Vitabu vitatu

Mkongwe alisimama na *The Sword and the Flame*, kanuni za Larry Brom zilizotoka 1979. Humo vikosi huwa vya vijisanamu 20, na zamu haigawanywi kwa upande. Mnafunua karata: ikitoka nyekundu, yaani kopa au uru, upande mmoja unasogeza kikosi kimoja, ikitoka nyeusi, shupaza au pao, ni zamu ya kikosi kimoja cha upande wa pili. Ufyatuaji wa risasi nao huendeshwa kwa karata. Watu wakishikana mkono kwa mkono, vijisanamu hupambanishwa mmoja kwa mmoja, kila mmoja na dadu yake.

Kijana alizipenda *The Men Who Would Be Kings* za Daniel Mersey, zilizochapishwa na Osprey mwaka 2016. Ni nyepesi na huchezeka jioni moja. Kila kikosi kina kiongozi mwenye namba yake na tabia yake, na ili kikosi kifanye jambo, dadu mbili lazima zifikie namba hiyo. Kuna tendo moja ambalo kila aina ya kikosi hulifanya bila kupiga dadu.

Mratibu alikuwa upande wa *Black Powder* za Rick Priestley na Jervis Johnson, zilizotolewa na Warlord Games mwaka 2009. Hizi ni za majeshi makubwa. Jemadari hutamka amri kwa sauti, kisha hupiga dadu mbili zikilinganishwa na uwezo wake. Akipata chini sana, kikosi huenda hata hatua tatu kwa zamu moja. Akizidisha, kikosi kinabaki palepale na yeye hawezi tena kutoa amri zamu hiyo.

Majaribio

Tuliyacheza mapigano hayohayo kwa kila kitabu, kwenye meza ileile, na vijisanamu vilevile. Kijana aliongoza Wahehe mara zote, mimi nikaongoza msafara. Kwa kuwa klabu haikuwa na vijisanamu vya Wahehe, vilitumika vya Wazulu vyenye ngao za ngozi ya ng'ombe.

Tulianza na *Black Powder*. Mwanzoni nilifurahi, kwa sababu kikosi kilicho katika safu ya mwendo hakiwezi kupiga risasi, na hilo linaifaa Lugalo kabisa. Ila Kijana alikuwa na vikosi sita chini ya jemadari mwenye uwezo wa 8. Amri ya kwanza ikakubali, ya pili ikakubali, ya tatu akapiga 9. Vikosi vinne vikabaki vichakani vikitazama wenzao wakienda. Hesabu yake ni rahisi: dadu mbili kutoa 8 au chini ni nafasi 26 kati ya 36, lakini kufaulu mara sita mfululizo ni karibu asilimia 14 tu. Tukaanza upya, safari hii akatoa amri moja kwa vikosi vyote, kama kanuni zinavyoruhusu. Akapata 5. Hatua tatu, vikosi sita, na katika zamu ya pili msafara haukuwepo tena. Kwa hiyo kitabu kilekile kilitupa mtego ulioganda, kisha kikatupa mchezo uliokwisha kabla chai haijapoa.

Mratibu alieleza kwamba dadu hizo zinaigiza ugumu wa kuongoza watu vitani. Nakubali ugumu huo upo. Lakini Lugalo ugumu ulikuwa kwa nani? Wahehe walikwishafika na kupangwa, wakawa wanasubiri ishara tu. Aliyekuwa na watu waliotawanyika njiani, wasiosikia amri, ni Zelewski.

Jaribio la pili ndilo lililotufundisha zaidi. Katika *The Men Who Would Be Kings*, askari wa jeshi la kawaida hufyatua risasi bila kupiga dadu. Hilo ndilo tendo lao la bure. Kikosi kimoja cha Kijana, vijisanamu 16, kilitoka nyuma ya mawe ya plasta kikamfuata punda aliyebeba bombomu. Kilikuwa kimebakiza inchi mbili. Zamu yangu ikafika, askari 12 waliokuwa karibu wakageuka na kupiga, bila mimi kuhangaika na dadu za amri. Kikosi kile kikalazwa chini, kikashindwa kujikusanya, zamu iliyofuata kikapigwa tena, kikavunjika. Punda hakuguswa. Kijana akabaki ameshika tepu mkononi, akasema hajaona kosa alilolifanya. Kweli, hakukosea popote. Kanuni zilichukulia kwamba askari aliyefunzwa wakati wote yuko tayari kupiga, na Lugalo ni kisa cha siku ambayo hawakuwa tayari.

Tukamalizia na *The Sword and the Flame*. Fujo yake ya karata ilivutia. Hakuna aliyejua nani atasogea sasa, na hofu ya msafara uliokatwa vipandevipande ilionekana mezani. Mapambano ya mmoja kwa mmoja yalifanya kila ofisa aliyeanguka aonekane kuwa mtu. Tatizo lilikuwa mwanzoni: karata tatu za kwanza zilitoka nyekundu, na kabla Mhehe yeyote hajainuka msafara wangu ulikuwa umeshajipanga.

Mabishano juu ya wafu wanaorudi

Mezani tulikuwa na Wahehe 120 na askari 60. Kwa kulinganisha na askari peke yao, Lugalo ilikuwa karibu watu tisa kwa mmoja. Kwetu ilikuwa wawili kwa mmoja. Mkongwe akapendekeza njia inayotumiwa na wengi katika michezo hii: kikosi cha Wahehe kikiangamia, vijisanamu vyake virudishwe kwenye ukingo wa meza viingie tena kama kikosi kipya. Meza haihitaji vijisanamu vya ziada, na wingi wa adui unaonekana.

Yule mama alikuwa ameketi pembeni. Nilikuwa nimemsalimia kwa Kihehe, "Kamwene, mama," akafurahi, na tangu hapo alikuwa akiniuliza kila kinachoendelea. Nilipomweleza pendekezo hili alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na hao Wajerumani nao wanafufuka?"

"Hapana, mama. Wao wakifa wamekufa."

"Basi waambie na sisi tulikufa."

Niliwatafsiria. Mkongwe hakuona vibaya. Alikaa akalifikiria, kisha akasema amecheza hivyo miaka mingi na hakuwahi kulitazama kwa upande huo. Kwangu hili lina uzito kimchezo na kibinadamu pia. Anayeongoza Wahehe wasiokwisha hana sababu ya kuchagua wapi ashambulie na wapi asubiri. Hurusha watu tu kama mtu anayemwaga maji. Mkwawa hakuwa na anasa hiyo. Kila aliyemwagwa Lugalo hakuwepo Kalenga, ngome ya Mkwawa, Wajerumani walipokuja tena mwaka 1894.

Maamuzi na sababu zake

Tulichagua *The Sword and the Flame* iwe msingi, tukairekebisha. Sababu kubwa ni kwamba kasoro yake ilikuwa mahali pamoja, zamu ya kwanza, na mahali hapo paliweza kuzibwa bila kugusa kilichobaki. Kwenye vitabu vingine viwili kasoro ilikuwa kwenye moyo wa mfumo: jinsi amri inavyotolewa kwa kimoja, na nani hupiga risasi bila kikwazo kwa kingine.

Anayeongoza Wahehe alipewa ramani kabla ya mchezo, akaandika kila kikosi kimejificha wapi. Anayeongoza msafara aliandika mpangilio wake wa safari bila kuiona ramani hiyo. Msafara ukaanza kusogea njiani inchi kwa inchi, na Mhehe ndiye aliyesema lini ishara inatolewa. Akiharakisha, kikosi cha nyuma kinabaki nje ya mtego. Akichelewa, walio mbele wanaweza kumgundua. Ishara ikitoka, vikosi vyake vyote vinasogea bila karata, na zamu hiyo hakuna askari anayefyatua. Bombomu inahitaji zamu mbili kushushwa kwenye punda na kufungwa. Baada ya hapo karata zinaendelea kama kitabu kinavyotaka.

Kuhusu wingi, tuliongeza vikosi vinne vya akiba, vilivyohesabiwa na kuandikwa tangu mwanzo. Wakifa, wamekufa.

Ushindi nao tulitaka uwe na maana kwa pande zote mbili. Msafara ulihesabiwa kwa watu wangapi wa kikosi cha nyuma wametoka salama. Wahehe walihesabiwa kwa silaha walizoteka, wakipunguziwa kwa watu waliowapoteza.

Matokeo

Siku ya maonyesho mchezo ulichezwa mara mbili, na wageni ndio waliokuwa majemadari. Asubuhi aliyeongoza Wahehe alitoa ishara mapema. Sehemu ya mbele ya msafara ilikwisha, lakini kikosi cha nyuma kilipanda kilima kizima kizima, akakishambulia mara tatu kwa hasira, na hesabu ilipofanywa hasara yake ilikuwa imekula karibu faida yote. Mchana mwanamke mmoja ambaye hajawahi kucheza alisubiri hadi watu waliotuzunguka wakaanza kunong'ona kwamba amechelewa. Ishara yake ikaufunga msafara wote isipokuwa askari kumi na kitu. Hakuwafuata kilimani. Aliteka bombomu, akawaacha waende, akashinda kwa pointi nyingi.

Watazamaji walituuliza mengi kuhusu Mkwawa. Wengi walikuwa hawajawahi kusikia kwamba fuvu linaloaminiwa kuwa lake lilichukuliwa hadi Ujerumani na kurudishwa Uhehe mwaka 1954 tu, na kwamba liko Kalenga hadi leo.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ya vyote ni kuhamishia uamuzi mkubwa mikononi mwa anayeongoza Wahehe. Kanuni nyingi za enzi za ukoloni zimejengwa juu ya picha moja: mzungu ana amri, nidhamu na risasi, mwenyeji ana wingi, mbio na ujasiri. Katika *The Men Who Would Be Kings* kuna hata utaratibu wa kucheza peke yako ambamo wenyeji huendeshwa na mfumo, bila mtu kukaa upande wao. Ni utaratibu uliobuniwa kwa ustadi, na una faida kwa asiye na mwenza wa kucheza naye. Hata hivyo Lugalo haiwezi kutoka humo, kwa sababu mfumo hausubiri. Ile subira ya yule mwanamke wa mchana ndiyo iliyokuwa silaha kubwa ya Uhehe siku ile.

Sisemi kwamba vitabu vile viwili havifai. *Black Powder* ningeitumia kwa Tanga, Novemba 1914, ambako Jenerali Aitken wa upande wa Waingereza alileta watu yapata 8,000 dhidi ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliyekuwa na kama 1,000. Pale amri zilizokwama na vikosi vilivyobaki bila kusogea ndiyo hadithi yenyewe. Nacho kitabu cha Mersey kinaifaa miaka ya mwisho ya Mkwawa, baada ya Kalenga kuanguka, vikundi vidogo vikiviziana msituni na kila kiongozi akijitegemea.

Kanuni ya kutofyatua zamu ya kwanza ilifaa kwa historia lakini ilimchosha mchezaji wa msafara. Asubuhi mgeni aliyeongoza Wajerumani alikaa muda mrefu akiondoa vijisanamu vyake bila kuwa na la kufanya, na nusura aondoke. Mchana tulimkabidhi mchezaji wake kikosi cha nyuma peke yake tangu mwanzo, msafara uliobaki ukaendeshwa na Mratibu. Mabadiliko hayo madogo yalimpa mtu huyo pambano la kweli: wapi asimame, asubiri manusura kwa muda gani, na lini aondoke.

Hatukuweza kuficha kwamba kila anayeketi mezani anajua ni Lugalo. Mgeni wa mchana upande wa msafara aliandika mpangilio wa safari wenye askari wengi nyuma kuliko inavyostahili, kwa kuwa bango la ukutani lilikwishamweleza yaliyompata Zelewski. Kuficha jina la mapigano kungesaidia, ila maonyesho yangepoteza sababu yake. Njia ya kati, ambayo Mkongwe anaifanyia kazi, ni karata tano za mpangilio wa msafara zilizoandikwa tayari, moja ikivutwa bila kuonwa.

Ulinganisho wetu wenyewe una dosari ambayo atakayefuata aiepuke. Mtu mmoja aliongoza Wahehe katika majaribio yote, kwa hiyo kitabu cha tatu kilipata jemadari mwenye uzoefu kuliko cha kwanza. Majemadari wabadilishane viti, na kila kitabu kichezwe angalau mara mbili. Vijisanamu vya Kizulu navyo havikupita bila kuonwa. Yule mama alivitambua papo hapo kuwa si watu wake. Klabu imeanza kutafuta vinavyofaa, na Kijana ameomba picha za ngao na mavazi kutoka makumbusho ya Kalenga kabla hajashika brashi.